Gari Limeoshwa

Sitakwambia alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi, maana miaka yote niliyomchukia sikuwahi kuuliza. Kuanzia Maguu mpaka Mbinga mjini watu walimwita Dereva, basi, kana kwamba wengine wote wanaoshika usukani ni wababaishaji. Mimi pia nilimwita Dereva. Kimoyomoyo nilikuwa na jina jingine, lakini mama yangu yu hai na anajua kusoma, kwa hiyo nitaliacha.

Niseme mapema usije ukaniona mnafiki huko mbele: simwelezi mtu huyu kwa mapenzi. Kwa miaka zaidi ya thelathini nilikuwa nangoja siku moja tu, siku ambayo Dereva atakuwa chini kwenye matope, ana shida ya gari, na mimi niko juu nimeshika usukani, nimwambie maneno mawili aliyomwambia baba yangu. Maneno yenyewe ni "gari limeoshwa". Wenzangu waliomba waume na nyumba za bati. Mimi niliomba hilo, tena kanisani, tena nikitoka kukomunika.

Ujue kwanza kazi yake ya uzeeni, maana ndiyo iliyonirudisha kwake. Zamani aliendesha gari la chama cha kahawa. Chama kilipokufa na magari yake kuachwa yaote nyasi, Dereva aliyachukua moja moja, akayafufua. Mwisho alikuwa na matatu uani kwake, kijiji cha chini kidogo ya Litembo: Landrova isiyo na kioo cha nyuma, Datsun pikapu ya bluu, na ile Pijo ya rangi ya krimu, yenye gia kwenye usukani. Hiyo Pijo ndiyo yenye kisa na mimi.

Magari hayo alikuwa anayakodisha. Sio kwa shughuli, la, shughuli kuna Noah na kuna bodaboda. Alikodisha kwa watu wenye hamu ya zamani. Krismasi ikikaribia, watoto wa Mbinga waliokwenda kusoma wakabaki huko huko Dar na Dodoma wanarudi na magari yao marefu yenye viyoyozi, wanayaegesha nyumbani kwao chini ya turubai, halafu wanapanda kwa Dereva kuomba Datsun. Mtu mzima ana kitambi, ana wajukuu, anakaa kwenye kiti kilichopasuka, ananusa ile harufu ya petroli, machozi yanamtoka. "Dereva, gari hili nililikimbilia nikiwa darasa la pili!" Halafu anateremka nalo mpaka Mbamba Bay, anapiga picha ziwani akiwa ameegemea boneti, anarudi na samaki, mbasa wa kuchoma, wamefungwa kwenye gazeti. Hata dereva wa kuwaendesha hawataki. Wanataka kuzungusha vioo kwa mkono wao wenyewe.

Na wote hao aliwalazimisha kunawa miguu. Hilo ndilo jambo la kwanza lililomfanya asimuliwe. Mlangoni pa ua kulikuwa na debe la maji, kopo na kitambaa. Uje na viatu vya ngozi, uje umevaa soksi nyeupe, Dereva alikuonyesha debe kwa kidevu akasema, "Miguu kwanza." Wageni walichekelea sana. Walisema ni kama Alhamisi Kuu, ila huku padri hainami. Mimi nilipowasikia wakicheka nilitamani kuwamwagia hilo debe, maana mimi najua lilianzia wapi.

Jambo la pili lililomfanya asimuliwe ni honi. Dereva hakuitikia salamu. Ukimwamkia "Shikamoo, Dereva" naye yumo garini, alipiga honi moja, fupi, akapita. Hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake. Mwanzoni watu walikasirika, baadaye wakazoea, mwisho wakaona fahari. Utasikia mtu sokoni anajisifu, "Leo Dereva kanipigia honi." Masikini wa Mungu sisi! Hata akiwa nje ya gari alifanya hivyo hivyo. Nimemwona kwa macho yangu bibi kizee mmoja wa Mkumbi akimsalimu pale uani kwake, naye anaingiza mkono dirishani, anabonyeza honi, anaendelea kufuta kioo.

Sasa nikupe kisa chenyewe, nisikuzungushe.

Ilikuwa masika, nina miaka tisa. Mama alikuwa mjamzito, uchungu ukamshika vibaya tangu alfajiri, mkunga wa kijijini akasema huyu ni wa hospitali ya Litembo, mimi simwezi. Baba na majirani watatu wakafunga blanketi kwenye miti miwili, wakapata machela, tukatoka Maguu kwa miguu. Mimi nilibeba kandambili za Mama. Hakuna aliyenituma kuzibeba. Niliona tu kwamba akipona atazihitaji.

Tulikuwa tumebakiza kona tatu tu tuione hospitali. Pijo, enzi hizo bado ya chama, ikatokea nyuma yetu, inakwenda huko huko, na ndani yumo Dereva peke yake. Baba akaingia katikati ya barabara. Machela ikawekwa chini kwenye matope. Baba akavua kofia, akasema, "Shikamoo, Dereva," ingawa walikuwa karibu rika moja. Dereva akateremsha kioo, upana wa vidole vinne tu. Akamtazama Mama. Akatazama miguu ya wale wanaume, matope mpaka magotini.

"Gari limeoshwa," akasema. "Kesho nina wageni."

Baba alifikiri hakueleweka. Nakumbuka sauti yake, ilikuwa sauti ya mtu anayeeleza jambo kwa heshima. "Tutaliosha sisi, Dereva. Nikishamfikisha nakuja kwako, nitaliosha mwenyewe, hata mara tatu."

Honi moja, fupi. Pijo ikapita pembeni yetu taratibu, taratibu kabisa, asije akaturushia maji. Hilo nalo alilijali, shetani yule.

Mdogo wangu alizaliwa pale pale kando ya barabara, kabla hatujaimaliza kona ya pili. Akalia mara moja, kilio kifupi, basi. Baba akamfunga kwenye koti lake. Mama walimwokoa hospitalini, naye akarudi nyumbani baada ya wiki mbili, kavaa kandambili zake.

Na unajua kilichonichoma kuliko hicho? Baba aliendelea kumwamkia. Kila akikutana naye barabarani, kofia mkononi, "Shikamoo, Dereva," na honi ikamjibu. Nilimuuliza mara moja, nikiwa msichana mkubwa sasa, baba, yule unamsalimia ya nini? Akaniambia, "Salamu ni yangu, si yake." Nikaona baba yangu ni mjinga. Sasa nina umri aliokuwa nao siku ile ya machela, na bado naona alikosea.  Mama naye nikimwanzishia habari hiyo ananituma maji, na mtungi umejaa.

Ningependa kukwambia kwamba Dereva alikuwa mbaya mwanzo mwisho, ingenirahisishia kazi. Lakini mtu huyu alisimamisha gari akashuka kumswaga kuku barabarani. Watoto wa shule wakivuka alizima injini kabisa, akangoja mpaka wa mwisho, yule anayechechemea, avuke. Na maiti alibeba bure. Ukifiwa Litembo huna usafiri, usihangaike, Dereva angesikia tu, angekuja mwenyewe ametoa viti vya nyuma na kutandika mkeka. Watu walimuuliza kwa nini wafu unawabeba na wazima unawachagua. Akajibu, "Aliyekufa ameshakufa." Tukadhani ni mzaha.

Ndivyo Baba naye alivyobebwa. Alifia hospitali, na asubuhi Pijo ikawa imeshafika mlangoni pake kabla hatujatuma mtu. Nikasema haiwezekani. Nikasema tutambeba kwa mabega, tulishawahi. Mama akanitazama, akawaambia wanaume, "Pakieni." Baba akapanda Pijo siku hiyo, ameoshwa vizuri, hana tone la tope. Dereva alivua kofia njia nzima na hakupiga honi hata mara moja. Nilikaa nyuma karibu na jeneza, nikatazama shingo yake mpaka Maguu. Nikaongeza maombi.

Mimi udereva niliusomea kwa hasira. Wasichana wa darasa langu walikwenda ualimu na uuguzi, mimi nikaenda kushika spana. Songea nimeendesha gari la ofisi kwa miaka mingi, nimevuka mito ambayo wanaume waliigeuzia gari. Kila nilipotia gia nilimwona yeye. Na nilipopata likizo ndefu Krismasi hii iliyopita, nikajiambia muda umefika: nitaikodi Pijo. Ile ile. Nitampakia Mama kiti cha mbele, nimpeleke ziwani, arudi kapanda gari alilonyimwa. Hiyo ingekuwa nusu ya kisasi. Nusu nyingine, yale maneno mawili, nilimwachia Mungu.

Siku ya kulichukua nilikata njia makusudi kupitia mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo mlimani, mvua imenyesha, nikafika uani kwa Dereva na buti zilizoshiba matope. Nilitaka nione atafanyaje. Nilimkuta amezeeka vibaya. Mguu mmoja ameufunga kitambaa, anatembea kwa kuuburuza.

"Shikamoo, Dereva."

Akaingiza mkono dirishani, honi ikalia. Kisha kidevu kwenye debe. "Miguu kwanza."

Nikanawa. Nakwambia ukweli, nilinawa, kama mtoto. Raundi ya kwanza kanipiga.

Alikuwa na mtihani wake kwa kila mkodishaji. Anakaa pembeni yako, anafumba macho, unaendesha mpaka kanisani na kurudi, yeye anasikiliza tu. Ukikwaruza gia anasema, "Umemuumiza," na gari hulipati. Mimi nilimwendesha kwenda na kurudi. Hakusema kitu. Tulipofika akafumbua macho, akaniuliza, "Nani alikufundisha?"

Nilikuwa na jibu tamu mdomoni, lakini lingeniharibia.

"Songea," nikasema.

"Wewe ni dereva," akasema, akanipa ufunguo. Haki ya Mungu, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikatamani kujizaba kofi.

Tulikwenda Mbamba Bay na Mama, tukakaa siku mbili. Alivaa kitenge chake cha Jumuiya ya kanisani, akakaa mbele kama mke wa waziri, mkoba magotini. Kila tulipopita watu aliteremsha kioo kidogo ili aonekane, kisha akakipandisha. Ziwani alikula mbasa, akaloweka miguu majini, akasema maji ni baridi. Nilimuuliza kama gari analikumbuka. Akasema, "Kiti chake kigumu." Nikaona amezeeka, amesahau. Nikawa na uchungu kwamba chuki yote hii naibeba peke yangu.

Tulirudi siku ya tatu, mvua inanyesha tangu Mbinga. Niliamua kumfikisha Mama Maguu kwanza, ndipo nirudishe gari. Tulipoipita hospitali, kwenye zile kona tatu, nikamwona mtu mbele yetu kando ya barabara, anakuja kwa fimbo, mguu ameuingiza kwenye mfuko wa plastiki, mfuko wenyewe umechanika. Ni Dereva. Landrova na Datsun zimekodishwa, kidonda kimemzidi, anakwenda Litembo kwa miguu. Bodaboda mbili zilikuwa zimempita. Bodaboda hakuwahi kupanda maisha yake, alisema hapandi kitu kisicho na mlango.

Yesu na Maria! Mtu anaweza kuomba kitu miaka thelathini akapewa chote, mpaka matope, mpaka kona? Nikasimama kando yake.  Nikateremsha kioo, vidole vinne. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno, nimeyasema kwenye kioo cha kujitazamia, nimeyasema usingizini.

"Ga—" nikaanza.

Mama akaniwekea mkono gotini. Akainama mbele yangu mpaka akamwona vizuri.

"Dereva," akasema. "Gari limeoshwa?"

Yule mzee akasimama na mvua yake. Akamtazama, kisha akatazama tena. Nikaona anamjua.

"Limeoshwa, mama," akasema. "Siku mnalichukua nimeliosha mwenyewe."

"Basi ingia."

"Nina matope, mama."

"Nimeyaona. Ingia nayo."

"Nitanawa kwanza. Pale mbele kuna mfereji—"

"Hunawi. Ingia hivyo hivyo."

Sijawahi kumsikia mama yangu akitumia sauti ile, hata kwa mbwa. Dereva akafungua mlango wa nyuma. Sidhani kama aliwahi kukaa nyuma kwenye gari lile. Akaingia, akafunga mlango polepole, nami nikaligeuza gari kurudi hospitali. Nikatazama kwenye kioo cha ndani, nikaona kitu ambacho sitakisahau: ameinua miguu yote miwili, magoti kifuani, ameikumbatia kwa mikono, ule mzima na ule wenye kidonda, matope yanamdondokea kwenye suruali yake ili yasidondoke sakafuni. Mzee wa umri ule, jamani.

Nilipunguza mwendo. Sitajitetea. Kila korongo nililiingia, kila dimbwi nikalipitia katikati, nimwone atashusha lini. Jasho linamtoka, mguu unamtetemeka, hashushi. Kona ya pili nikaikwaruza gia makusudi, ikalia vibaya. Akafumba macho. Hakusema nimemuumiza. Mama alikuwa anatazama mbele, mkoba magotini.

Kwenye geti la hospitali nikasimama. Akashuka kwanza kwa fimbo, akageuka akakagua sakafu ya nyuma. Ilikuwa safi. Kisha akaja upande wa Mama, Mama akateremsha kioo, naye akavua kofia, mvua ikampiga kichwani.

"Mama," akasema, "siku ile gari halikuwa limeoshwa."

 Miaka yote nilimchukia kwa kulipenda gari kuliko sisi. Hata hilo alikuwa amenidanganya.

"Najua," Mama akasema. "Wenzangu walikuwa wanakutazama usoni. Mimi walikuwa wamenilaza chini. Nilikuwa natazama magurudumu. Yalikuwa yanadondosha matope."

Dereva akasogea karibu na dirisha. "Niliogopa, mama. Niliogopa ungefia ndani."

"Na mimi niliogopa kufia nje."

Akasimama pale ameshika kofia kwa mikono miwili, alivyokuwa ameishika Baba. "Nisamehe," akasema. Aliisema vizuri, wala hakuharakisha, na akangoja ajibiwe.

Mama akakamata kishikio, akakizungusha kioo kupanda, polepole, mpaka vikabaki vidole vinne. Akanigeukia.

"Mjibu," akasema.

Nikapiga honi. Moja, fupi. Kisha nikatia gia, taratibu kabisa, asije akarushiwa maji.